Jiko Linalosimulia

Siku hizi jiko haliwaki mpaka familia isikilize hadithi yake hadi mwisho. Ndiyo sheria, ili watoto wapende mtama na kunde, vyakula vinavyostahimili ukame.

Asteria wa Ifakara hakuuchukia mtama. Alichukia hadithi. Wiki ile, kila jioni, jiko lilisimulia habari za Bibi Mlafi, aliyelima mpunga na kula wali mpaka akaumaliza mto mzima.

Jioni moja binti yake mdogo, Editruda, akauliza, "Mama, bibi si alilima mpunga? Kumbe ndiye aliyemaliza mto?"

Damu ilimchemka Asteria. Akalipiga jiko kofi, likanyamaza.

"Bibi yako alilima kijaruba kimoja kwa jembe la mkono, akatulisha sote. Mto uliuawa na watu ambao hata tope la shamba hawalijui. Mbona wao hawasimuliwi?"

Hadithi haikufika mwisho, kwa hiyo moto haukuwaka. Unga wa uji ulibaki mbichi sufuriani.

"Basi tutalala njaa," alisema Asteria. "Mama yangu hatatukanwa nyumbani kwangu!"

Editruda alimtazama mama yake, kisha sufuria. Alilisogelea jiko, akaimalizia hadithi aliyokwisha kuikariri, kwa sauti ileile ya upole ya jiko, bila kukosea neno: "Bibi Mlafi akafa peke yake, wala hakuna aliyemlilia."

Moto ukawaka.

"Koroga, mama," alisema mtoto. "Uji utaungua."