Nyimbo Tatu za Bila Hodi

Wimbo wa tatu ulitaja mpaka ufa wa kioo cha bafuni kwake. Hapo Masikio akavua hedfoni, akaenda kuhakikisha kwamba mlango umefungwa kwa ufunguo.

Jina hilo alipewa na wasomaji wake. Kila Jumatano aliandika habari za nyimbo mpya za chini kwa chini, zile hip-hop na midundo ya kompyuta ambazo redio haizigusi, na vijana waliapa kwamba mjini hakuna sikio kali kama lake. Nyimbo arobaini kwa wiki si mchezo, kwa hiyo alikuwa na utaratibu wake. Mdundo ukikata, naye anakata, anatoa alama, anahamia wimbo mwingine.

Bila Hodi alichipuka kama uyoga. Hakuwa na picha wala mahojiano, na sauti yake ilishushwa kwa mashine mpaka ikawa nzito kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Wimbo wa kwanza Masikio aliusifu sana. *Naingia bila hodi. Yeye kavua viatu, kaziba masikio. Namwita mara tatu, hasikii.* Aliandika kwamba mtu huyu anajua kutisha, akampa tisa juu ya kumi.

Wa pili ulimkosesha usingizi. *Nasimama nyuma ya kiti chake chekundu. Pumzi zangu zinamfika shingoni. Hageuki.* Kiti alichokalia Masikio kilikuwa chekundu.

Na sasa huu wa tatu. *Nyumba ya kioo chenye ufa. Ijumaa, saa kumi jioni, mlango utafungwa. Abaki mmoja.* Baada ya hapo mdundo ulikatika, zikabaki dakika kadhaa za kimya ambazo Masikio, bila kuzingoja ziishe, aliziita maringo ya msanii.

Polisi wa zamu alimsikiliza, akakuna kidevu. "Sasa dada, tumkamate nani? Wimbo?"

Alirudi nyumbani amenywea. Mama yake, mwalimu mstaafu aliyeishi naye mwaka wa pili sasa, alikuwa anafunga mtandio tayari kutoka.

"Nashuka kwa fundi. Simu imezingua tena."

"Mara ya nne mwezi huu! Itupe hiyo simu, mama."

"Mwanangu, hiyo Ijumaa..."

Masikio alishtuka. "Ijumaa usikae humu ndani. Nenda hata kwa shangazi. Usiniulize kwa nini."

Mama alikaza fundo la mtandio. "Nina mahali pa kwenda," alisema.

Fundi simu! Hapo Masikio akamshuku. Kibanda cha yule bwana kilikuwa chini ya ghorofa walimoishi, na kila mtu alijua kwamba nyuma ya pazia alikuwa na kompyuta ya kutengenezea midundo. Alisubiri mama arudi, kisha akashuka ngazi mbilimbili.

"Bila Hodi ni wewe?"

Fundi aliweka bisibisi chini polepole. "Mdundo ni wangu. Sauti si yangu. Na mwenye sauti nimemwapia sitamtaja."

"Anataka nini kwangu?"

"Wimbo wa tatu umeusikiliza wote?"

"Kusikiliza ndiyo kazi yangu!"

"Dada, nimekuuliza kama umeusikiliza wote." Alimtazama bila kupepesa. "Ijumaa si mbali."

Masikio alipanda ngazi mbio, akajifungia ndani. Kwake yale yalikuwa maneno ya kumtisha, hayakuwa na maana nyingine.

Ijumaa ilifika. Tangu adhuhuri alikuwa amesukuma meza mlangoni na kuweka kisu cha jikoni juu yake, naye mwenyewe amekaa hapo kama mlinzi wa benki. Saa kumi ilipokaribia, mama akatoka chumbani na begi dogo, amevaa gauni lake zuri. Aliitazama meza, akakitazama kisu.

"Naondoka."

"Nenda, mama. Nenda upesi."

"Hunifikishi hata chini?"

"Leo siwezi kutoka. Kesho nitakueleza yote."

"Kesho," mama alisema, kama mtu anayelionja neno. Alimshika shavu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Masikio akiwa mdogo. Masikio akaisogeza meza, mama akapita, mlango ukafungwa. Ilikuwa saa kumi kamili.

Alikishika kisu akangoja, akishukuru kwamba angalau mama ameepuka balaa. Kumi na robo. Kumi na nusu. Ngazi zilikuwa kimya, hata paka hakupita. Ilipogonga kumi na moja, woga ulianza kugeuka kuwa aibu, na ndani ya aibu hiyo swali la fundi likamrudia. Alivaa hedfoni, akaufungulia wimbo wa tatu.

Dakika ya nne mdundo ulikatika. Kidole kilienda chenyewe kuzima, akakizuia. Ikapita dakika nzima ya kimya, ikapita ya pili.

Kisha mtu akakohoa, na sauti ikaja bila mashine yoyote, taratibu, ya mtu aliyezoea kusomea watoto imla.

"Haya. Kama umefika hapa, basi leo umenisikiliza. Moyo wangu ni mbovu, mwanangu. Ijumaa jioni wananilaza, alfajiri wananipasua, na daktari hakunificha kwamba huenda nisiamke. Nilikwambia mara tatu, ukaitikia kwa kichwa tu. Nisindikize. Naogopa kwenda peke yangu."