Maua Dume

Nilikigusa tu kile kiboga kichanga, kikanidondokea kiganjani. Ncha yake ilikuwa imeoza. Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile.

Nikapita mstari kwa mstari nikifunua majani. Maua yalikuwa tele, lakini yote majike, kila moja limekalia kiboga chake. Hapakuwa na dume hata moja la kuyapa chavua.

Dawa ya kuongeza maua jike niliileta mimi. Mistari miwili ya pembeni niliifunga vitambaa vyekundu, nikamwambia mume wangu: hii usiipulizie, ndiyo itakayotupa madume.

"Uliipulizia na ile ya vitambaa?"

"Sasa dawa ilibaki, ningeimwaga?" Alikuwa ameegemea jembe, anachokonoa meno. "Kwani ua dume linazaa nini?"

"Na wewe umezaa nini? Mbona watoto wanakuita baba?"

Ng'ambo ya uzio, shamba la jirani lilikuwa njano tupu, madume kwa majike, na nyuki wote wameng'ang'ania huko. Huyo jirani ndiye aliyekataa dawa, na mume wangu akamcheka mbele ya watu: "Wewe lima maua, sisi tunalima maboga!"

Bado tungeweza kuyapaka majike yetu chavua kwa mkono, lakini jua lilikuwa linapanda, na maua ya maboga hayalisubiri, hufumba.

Nilimpokonya kile kijiti cha meno, nikamtia bakuli tupu mkononi.

"Nenda kaombe."

"Kwa yule? Nikaombe nini?"

"Maua," nikasema. "Na uombe kwa sauti ileile uliyomchekea."