Panya Aliyebeba Sumu

Ndani ya chupa kubwa ya kioo, panya mweupe alikuwa akipumua taratibu. Jana yake Tunu, mtafiti wa maabara, alimnywesha sumu itokanayo na tumbaku, na sasa vipimo vilionyesha kwamba ini lake lilikuwa limeivunja, ikatoka kwa pumzi na mkojo.

“Mchome sindano ya mwisho, tulipasue ini,” alisema Daktari Mbonde. “Likivunja sumu, lenyewe huumia.”

“Naomba dakika moja, daktari.”

“Unamuaga mchumba?”

Tunu alitabasamu, machozi yakimlengalenga. Alimwaza mama yake, ambaye tumbaku haimtoki shavuni, na kiumbe huyu aliyeibeba sumu ile kwa niaba yake. Akapasha mikono joto, akamtoa.

“Ahsante, baba,” alimnong'oneza.

Panya alinusa kiganja chake, akajikunja humo, akafumba macho, moyo wake mdogo ukidunda kwenye vidole vya Tunu.