Majibu ya Dohani

Mke wa Dohani alizisoma zile karatasi mbili mara tatu akiwa amesimama, mkoba bado begani. Kisha akakaa. Haikuwa haki hata kidogo.

Ya mumewe ilikuwa nzuri. Vitamini walizopima, zote za kutosha. Kile kinasaba cha kurithi walichokuwa wakikitafuta, ambacho wataalamu walishuku kinamzidishia mvutaji hatari ya saratani ya mapafu, hana. Ya kwake yeye, ambaye tangu azaliwe hajatia sigara mdomoni: vitamini chini, kinasaba kipo.

Yaani mtu anayetenga mchicha pembeni ya sahani kama anayechambua mawe kwenye mchele. Miaka ishirini na sita anavuta, pakiti moja na nusu kwa siku, mpaka mafundi wenzake wa viti vya magari wakambandika jina la Dohani, na jina likamfuata nyumbani. Kaka yake, tumbo moja, wamemzika mwaka juzi kwa mapafu. Na bado damu yake ndiyo safi.

Ni yeye mke aliyemburuta kituo cha afya wiki sita zilizopita. Watafiti walitaka wavutaji, na kila mvutaji aje na mwenzi wake asiyevuta, wanaokula chungu kimoja, ili walinganishe. Nesi aliwaeleza bila haraka.

"Karatasi ya majibu haina jina, ina namba tu. Jina liko juu ya bahasha. Na ikija nzuri, baba, hiyo si ruhusa ya kuvuta."

Dohani aliitikia kwa heshima zote, kisha akatoka nje kuvuta.

Sasa ruhusa ndiyo hiyo imekuja, imepigwa muhuri. Mke aliiona kabisa ikiwa imetiwa fremu sebuleni, juu ya kochi lenye matundu matano ya moto wa sigara. Aliwaona mashemeji wakiitwa mmoja mmoja kuisoma. Akikohoa, ataonyesha karatasi. Akisemwa, ataonyesha karatasi.

Na ni kipi ambacho hakijajaribiwa? Alificha viberiti, mwenzake akawashia jikoni. Alimnunulia pipi za kutafuna, akawa anatafuna huku anavuta. Alinuna mwezi mzima bila kumsemesha, na mwisho wa mwezi Dohani akamshukuru kwa utulivu wa nyumba.

Bafuni maji yalikuwa yakimwagika na mtu akipiga mluzi. Dohani ndiye aliyezipitia bahasha kituoni mchana, akaziweka mezani zikiwa zimefungwa, maana barua zote za nyumba ile hufunguliwa na mkewe. Zilikuwa zimebandikwa kwa gundi nene ya manjano, bado inanata. Mke alizichana kwa kisu cha vitunguu, akilaani ofisi zisizojua kufunga hata bahasha.

Kazini kwake, chuoni, yeye ndiye aliyetunza mitihani kwenye kabati la chuma. Miaka kumi na nane, na hakuna karatasi ya mtu iliyowahi kuhama mahali pake. Walimu walimwita Kufuli.

Maji yakaacha kumwagika.

Kufuli aliangalia mlango wa bafu. Akaichukua karatasi nzuri, akaitia kwenye bahasha yenye jina lake. Mbaya akaitia kwenye ya mume. Haikuchukua hata muda wa kufunga kifungo.

Dohani alitokea amevaa suruali, taulo shingoni, sigara mdomoni haijawashwa, uso unang'aa kama bwana harusi.

"Naona umeshazichana. Haya mama watoto, nisomewe hukumu."

"Soma mwenyewe, macho unayo."

"Yako inasemaje kwanza?" Sauti yake ililainika. "Hata ikiwa mbaya usijitie wasiwasi. Wewe huvuti. Haitakudhuru kitu."

"Yangu nzuri."

Sigara iliganda mdomoni. "Nzuri?"

"Kwani ulitaka iwe mbaya? Nzuri, kila kitu sawa. Soma yako."

Aliitoa karatasi. Ilikuwa na mistari minane, lakini aliisoma kama aliyepewa kitabu kizima. Mke alikuwa ameshajiandalia maneno: marehemu kaka yako, watoto, mimi. Hayakuhitajika. Dohani alikaa taratibu kwenye kochi, akaitoa ile sigara, akaivunja katikati. Akatoa pakiti mfukoni, akaiweka mezani. Akainuka, akachukua nyingine nyuma ya redio. Ya tatu aliivuta kutoka ndani ya mto wa kochi, ambao mkewe huufua kila mwezi na hakuwahi kuhisi kitu.

"Basi," alisema. "Nimeacha. Safari hii si maneno."

Miaka ishirini na sita mke alikuwa akilisubiri neno hilo, na sasa limekuja. Alitamani kumwambia palepale. Akajizuia. Mwache kwanza, alijiambia. Akishamaliza mwaka bila sigara nitamweleza ukweli, tucheke.

"Unajua nilivyokuwa na uhakika utazifungua wewe?" Dohani alisema bila kuinua macho. "Nikajisemea, akiiona kwa macho yake mwenyewe, ataniacha nipumue."

"Akiona nini?"

"Nisamehe, mke wangu. Niliogopa. Lakini gundi niliipaka vizuri kabisa. Ulijuaje kwamba nimezibadilisha karatasi?"