Siku ya Mwisho ya Maonyesho

Rogelio alirusha sarafu mara tatu, na mara zote tatu ikaangukia upande wa Bisbee. Akaiokota chini ya meza ya jikoni, akaitia mfukoni, akasema imechakaa upande mmoja, kwa hiyo wataenda Marfa kutazama sanaa.

Mkewe, Herlinda, aliendelea kumenya pilipili za kuchoma.

“Wewe na sanaa mmejuana lini?”

“Mtu habadiliki?”

“Miaka ishirini na sita hujabadilisha hata kinyozi.”

Ndiyo miaka ya ndoa waliyokuwa wakienda kuisherehekea. Kutoka kwao El Paso, Bisbee iko mwendo wa saa nne magharibi na Marfa mwendo wa saa tatu mashariki. Yote miwili ni miji midogo ya jangwani iliyojaa wachoraji, pamoja na watu waliowafuata wachoraji. Herlinda alitaka Bisbee, yenye vilima na ngazi na hoteli ya zamani ya wachimba shaba. Marfa alikuwa ameichoka. Miaka miwili nyuma, dada yake Nelda alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, alipita hapo kila mwezi karibu mwaka mzima akienda kumuuguza huko Alpine, mji unaofuata. Zaidi ya hayo, Nelda akisikia wako karibu atawalazimisha walale kwake, kwenye lile kochi linalonuka paka.

Rogelio hakubisha. Alisema tu waende mwisho wa juma hili, si lijalo, na wafike Ijumaa, kwa kuwa mwanzoni mwa juma Marfa nzima inafunga milango.

Herlinda akaacha kumenya. Ilikuwa kweli. Lakini fundi wa mashine za kupoza hewa, mtu ambaye picha pekee aliyowahi kuitundika ni kalenda ya duka la matairi, alilijuaje hilo?

Asubuhi iliyofuata alipekua suruali za kazi za mumewe kabla ya kuzifua. Katika mfuko wa nyuma akakuta kadi ya nyumba moja ya sanaa ya Marfa. Nyuma yake kulikuwa na maandishi ya kalamu, ya mviringo na nadhifu, ambayo hayakuwa ya Rogelio: *Jumamosi, siku ya mwisho. Tutakusubiri.*

Aliisoma mara mbili, akaketi juu ya kapu la nguo. Kisha akairudisha kadi mfukoni, upande uleule. Akiuliza atajibiwa, na nyumba hii, pamoja na kila kilichomo, ingeweza kuvunjika kwa jibu moja.

Alimpigia binti yao Itzel, aliyekuwa chuoni Las Cruces, akamweleza kuhusu sarafu, na kwa sauti ya kujifanya hajali akamweleza kuhusu kadi. Itzel akacheka.

“Mama, mzee kapata mchepuko msanii. Usimwache aende peke yake.”

Herlinda hakucheka. Kwa siku tatu alimchunguza mumewe kama mtu anayechunguza maziwa yaliyokaa. Rogelio alinyoa ndevu vizuri. Alipiga pasi shati jeupe mwenyewe. Mara mbili alitoka uani kupokea simu. Siku ya Alhamisi Herlinda alisema kichwa kinamuuma, labda wangeahirisha hadi mwezi ujao. Rogelio akamletea dawa na glasi ya maji, akasema mwezi ujao itakuwa imeshapita. Hakusema nini kitakuwa kimeshapita.

Waliondoka Ijumaa. Walitia mafuta njiani, Van Horn, wakala burrito garini. Pale Marfa, Rogelio aliuliza pa kuegesha. Herlinda akamwonyesha nyuma ya hoteli waliyofikia, penye kivuli, kisha akatazama dirishani.

Jumamosi saa nne asubuhi Rogelio alivaa lile shati jeupe, akamshika mkewe mkono na kumpeleka moja kwa moja, bila kuuliza njia, kwenye nyumba ile ya sanaa. Binti aliyekaa mezani akasimama. Alikuwa mrembo, na alimfahamu Rogelio kwa jina.

“Bado iko pale pale, mzee,” alisema. “Zilizouzwa hatuzishushi mpaka siku ya mwisho.” Kisha akamtazama Herlinda, akainamisha macho, akasema anaenda kutengeneza kahawa.

Kumbe ni huyu, Herlinda aliwaza, na akahisi kitu kilichofanana sana na nafuu. Huyu angeweza kumsamehe. Hata leo, hata kabla ya chakula cha mchana.

Rogelio akamwongoza hadi chumba cha ndani. Ukutani palikuwa na picha moja kubwa ya rangi za mafuta, na kibandiko chekundu pembeni kuonyesha imeshanunuliwa. Mwanamke wa makamo amelala ubavu kwenye godoro, uchi, amewapa mgongo watazamaji. Chini ya bega la kushoto ana kovu dogo, ukubwa wa punje ya maharage.

“Mwezi wa pili waliniita nitengeneze mashine ya chumba hiki,” Rogelio alisema taratibu, kama anayesoma maelezo ya ukutani. “Mchoraji alikataa kabisa kuiuza. Alisema alimwahidi mwenye mgongo huu kwamba haitatoka mikononi mwake.”

Akanyoosha kola ya shati lake.

“Nikamwambia mimi ndiye mumewe.”