Kandambili ya Marehemu

Tangu mumewe azikwe, Mwanakheri alikuwa amechoka hata kuitikia pole. Jioni akaja Zuhura, jirani wa ukuta mmoja, kuomba radhi kwa ile albamu yake ya Kihispania, yenye nyimbo za kurukaruka. Marehemu alikuwa haiwezi. Ikianza tu, anagonga ukuta kwa kandambili.

"Nimeizima, Bi Mwanakheri. Sitaifungulia tena."

"Nenda kaifungulie, mwanangu. Kimya hiki kinanimaliza."

Muda si muda nyimbo zikapenya ukutani, changamfu vilevile, bila kueleweka hata neno. Mwanakheri akainama uvunguni kwa shida, akatoa kandambili ya mumewe, akaketi kitandani, upande aliokuwa akilala marehemu, akagonga.

Upande wa pili, Zuhura akaongeza sauti, kama zamani.