Katoni ya Tisa

Wapagazi walipoipandisha katoni ya tisa, Kaluki aliutambua mwandiko wa mwanawe: MAMA, USIFUNGUE HII. NITAFUNGUA MWENYEWE.

Mwanawe huyo alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja baada ya miaka kumi na moja Uingereza. Vitu vyake alivitanguliza kwa meli, jitu la kontena elfu ishirini, na kila jioni alimpigia mama yake hapo Kilimani kumwambia imefika wapi.

"Saa hii iko Dakar, Mum. Inazunguka Afrika yote! Mimi nakuja na ndege, nitaitangulia."

Alikuja na ndege kweli, ndani ya jeneza. Siku walipomzika Kitui, meli ilikuwa ndiyo kwanza inapita Cape Town. Haikuwa na habari. Iliendelea kuja tu, pole pole, na sebuleni hapakuwa na mtu mwingine wa kuipokea.

"Hii imefumuka, Mama," mpagazi mmoja akasema, kisu mkononi. "Nikukatie kabisa?"

Utepe ulikuwa umebanduka pembeni. Mkono wa sweta ya kijivu ulikuwa umechomoza hapo, umejikunja kwenye kiwiko, bado unanukia sabuni yake. Kaluki aliinama akaurudisha ndani kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

"Weka hicho kisu," akasema. "Hamna selotepu kwenye lori?"